Vilima vya Povu na Kifua cha Mke Wangu

Ukucha ule ulikuwa wa kidole gumba cha mguu, mzima, wa manjano, umenasa ndani ya sponji kama mbegu ndani ya tunda. Niliuona nikiwa nimeinama juu ya gazeti nililotandaza sakafuni, nikichambua gunia la sponji iliyosagwa ambayo muuza mito wa sokoni aliniapia kwamba ni mpya, imetoka kiwandani. Kiwanda hicho kilikuwa na nywele pia. Kilikuwa na nyuzi za shuka, punje za wali zilizokauka, na kipande kimoja kikubwa chenye ramani ya kahawia ambayo kila aliyewahi kulea mtoto anaijua. Niliponusa nilijua hakukuwa na mtoto hapo. Lilikuwa godoro la bweni, au la nyumba ambayo mtu mzima aliugua kwa muda mrefu, nalo lilipitishwa kwenye mashine pamoja na kila kilicholala juu yake. Nilikunja gazeti, nikalitoa nje, nikanawa kwa sabuni ya kufulia mpaka kwenye viwiko. Jioni hiyo sikula nyama.

Sponji hiyo niliitaka kwa ajili ya vichaka vya mchezo wangu. Inafaa nieleze, kwa sababu hapa Meru watu wengi hawaujui mchezo huu, na nilipomweleza bucha mmoja wa Majengo aliniuliza kama nimeanza kulipwa. Ni mchezo wa mezani wa watu wawili. Kila mmoja ana jeshi la sanamu ndogo, fupi kuliko kidole, na mnaziendesha kwa rula na dadu juu ya ardhi iliyotengenezwa kwa mkono: vilima, mabonde, kuta zilizobomoka, mto. Bila ardhi hiyo mchezo ni hesabu tupu. Kilima ndicho kinachoamua nani anamwona nani. Nilijifunza kwa simu, video moja baada ya nyingine, kama nilivyojifunza kazi yangu ya kutengeneza mizani. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo ninachokijua nimekitafuta mwenyewe. Mpinzani wangu ni rafiki yangu, mkulima wa chai wa Kibugu, upande wa Embu, ambaye huja kwetu siku ambazo kiwanda hakipokei majani.

Tunakaa Majengo, vyumba viwili katika ploti ya wapangaji yenye ua mmoja. Meza ya mchezo ndiyo meza ya chakula. Na mke wangu, mzaliwa wa Ruiri, ana pumu tangu utotoni. Nimemwona akivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani, ndoo isiyofika juu. Kwa hiyo tulipatana tangu mwanzo.

“Mchezo wako sina neno nao, mzee,” aliniambia. “Wanaume wengine wana mambo mabaya kuliko hivyo vijitu vya plastiki. Lakini siku kifua changu kitashikwa kwa sababu ya hiyo takataka, meza inatoka.”

“Na vilima?”

“Vilima vitatangulia.”

Basi kazi yangu ikawa kutafuta kitu chepesi, cha bei ninayoiweza, kinachokatika vizuri, na ambacho hakitagusa kifua chake. Haionekani kuwa kazi ngumu. Sijawahi kushika vitu vichafu kiasi hicho maishani, na mimi hutengeneza mizani ya mabucha.

Baada ya gunia la ukucha niliachana na sponji ya magodoro. Rafiki yangu wa Kibugu alinishauri povu gumu, lile jeupe la punje punje linalofungiwa televisheni mpya. Ni zuri kwa kilima. Tatizo ni kwamba katika mtaa wetu televisheni mpya hainunuliwi kila wiki. Kinachofika kila wiki ni samaki, ndani ya masanduku ya povu hilo hilo, na muuza samaki aliponipa masanduku yake yaliyovunjika alinishukuru, jambo ambalo lilipaswa kunifumbua macho. Niliyaosha kwa maji ya moto. Niliyasugua kwa majivu, kisha kwa ndimu. Nje yalitakata, lakini nilipokata la kwanza kati nilikuta ute wa kijivu umepenya katikati ya punje, na magamba yamelala humo kama vioo vidogo. Niliyaanika juani. Nzi wa Majengo, wenye mabucha yote ya kuchagua, waliacha nyama wakaja kwangu.

Hata hivyo nilisema moyoni kwamba harufu ya samaki si ugonjwa. Rafiki yangu akaja na kifaa alichokiunda mwenyewe: uta wa mti, waya wa gitaa, betri ya pikipiki. Waya ukipata moto unapita kwenye povu bila kelele.

“Tazama,” alisema. “Kama uji ulioganda.”

Kweli ulipita. Kilima kilitokea mikononi mwake kwa muda mfupi, mteremko laini kuliko wangu wowote. Lakini nyuma ya waya kulikuwa na uzi wa moshi, na moshi ule ulikuwa na utamu. Si utamu wa chakula. Ulikuwa utamu unaokaa kwenye meno, kama wa tunda lililooza ndani ya mfuko, na chini yake samaki. Nilikuwa bado natafuta neno la kuuelezea mke wangu aliporudi kutoka sokoni, anakouza maharagwe, akasimama mlangoni.

“Humu kumekufa nini?”

“Ni samaki,” nikasema.

“Samaki hawanuki sukari.”

Hakumaliza. Kikohozi kilimkamata akiwa ameshika mlango, na nilimfikishia dawa yake ya kuvuta huku nikigonga viti. Alivuta mara ya kwanza, akangoja, akavuta tena, macho yake yakitazama dari. Rafiki yangu alisimama katikati ya chumba amekumbatia betri.

“Pole, shemeji,” alisema alipoona pumzi imerudi.

“Pole hiyo ipeleke Kibugu,” alijibu mke wangu, sauti ikiwa nyembamba, “pamoja na betri yako.”

Jioni alinieleza msimamo wake bila hasira. Hiyo moja ameisamehe kwa sababu kulikuwa na mgeni. Nyingine haitakuwa na mgeni wa kuniokoa.

Kuanzia hapo sikuingiza kitu nyumbani kabla ya kukijua. Nilisoma nilichoweza kukisoma. Nilijifunza kwamba mapovu haya hayana ukoo mmoja, ingawa sokoni yote yanaitwa sponji. La punje punje likipata moto hutoa mvuke ule mtamu, na gundi ya fundi viatu hulila. Niliweka tone moja kwenye kipande, nikaona shimo likichimbika na kingo zikiyeyuka kama jino bovu, na kilichobaki chini kilikuwa kamasi. Rangi ya kupulizia hufanya vivyo hivyo. Povu la manjano la ndani ya friji ni jingine kabisa. Bucha mmoja alinipa mlango mzima wa friji yake kuukuu. Povu lake lilikuwa limegeuka unga, na unga ule ulishika jasho la shingo yangu ukawasha mpaka usiku; kati ya bati na povu kulikuwa na damu ya miaka, nyeusi, imekauka kama lami, na mende walioishi vizuri. Nilimrudishia mlango wake. Alishangaa kwamba kuna mtu anaweza kukataa kitu cha bure.

Nilijaribu hata vibakuli vya povu vya vibanda vya chipsi, kwa sababu povu lake limeshindiliwa na halina punje, linafaa kuchorwa mawe ya ukuta. Ukikunjua kimoja unakutana na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi kuliko inavyostahili kusemwa, rangi ya chungwa, na alama za meno mahali ambapo mtu aliuma kifuniko pamoja na kuku. Sikuendelea.

Niliyempata mwishoni ni fundi wa dari. Siku hizi nyumba nyingi mpya zinapambwa pembeni mwa dari kwa mikanda ya povu jeupe, na kila kona inaacha kipande. Vipande vyake havikuwahi kugusa samaki wala mtu. Nilikileta kimoja puani, sikunusa kitu chochote. Sijawahi kufurahia hivyo kutonusa kitu.

Nikaweka utaratibu. Hakuna waya, hakuna moto. Nilikata kwa kisu chembamba nilichokisugua mshumaa kwenye makali ili kisirarue punje. Nililainisha kwa msasa uliolowa, juu ya beseni. Nilibandika kwa gundi nyeupe ya seremala, ambayo hailili povu wala haina mvuke, nikapaka juu yake gundi hiyo hiyo na udongo mwekundu uliochekechwa, halafu rangi ya maji. Punje zilizoruka, na huruka, zinashika nywele na mikono kama chawa wanaokataa kuondoka, nilizifuta kwa kitambaa kibichi. Mabaki yote niliyatia kwenye gunia dogo, nikalifunga mdomo kwa kamba, nikaliweka uani kwenye kona ya takataka, lichukuliwe na mwenye mkokoteni. Mke wangu alisimama mlangoni siku ya kwanza, akanusa, akaingia. Siku ya pili alikaa mezani akichagua maharagwe huku mimi nikikata.

Kisha kikohozi kikaanza tena.

Hakikuja nilipokuwa nikikata. Kilikuja jioni, kabla ya chakula, kifupi mwanzoni, halafu kirefu. Siku moja alivuta dawa kisha akakaa kitandani ameegemeza mikono magotini, namna anavyokaa anapoogopa.

“Ni hayo mavumbi yako,” alisema.

“Hayana vumbi. Hayana moshi, hayana harufu. Nimesoma.”

“Kifua changu hakijui kusoma.”

Aliniambia nianze kumtafuta mtu wa kununua meza ile, sisi tutanunua ndogo ya kutosha sahani mbili. Nilimwomba kitu kimoja. Mizani ikidanganya, hubadilishi springi na sahani siku moja, kwa maana hutajua ni kipi kilichokuwa kinadanganya. Niache kukata kabisa, nitoe nje povu lote, tuone. Akakubali, nusu kwa kuchoka. Nilikusanya kila kipande, hata vilima vilivyokuwa nusu, nikavijaza kwenye magunia, nikayafunga vizuri na kuyapanga kwenye kona ya uani.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Nyumbani hamkuwa na punje hata moja ya povu, na mke wangu alikohoa kila jioni mpaka akatapika kamasi kwenye beseni langu la msasa. Nililishika beseni, nikamwaga, nikasuuza. Kuna karaha ambayo haimhusu mtu unayempenda, lakini inakufanya uchukie kila kitu kingine kilichomo duniani.

Siku iliyofuata nilifunga kazi mapema, nikakaa kitini karibu na dirisha kabla ya saa ya kikohozi. Nilitaka kujua kitu gani hutokea saa hiyo. Alikuja kwanza jirani yetu, mama mzee anayepika mandazi ya kuuza jioni, akaburuta jiko lake chini ya dirisha letu mahali pasipo na upepo. Nilisikia njiti ya kiberiti. Halafu nikaujua utamu ule, ule ule wa waya wa Kibugu, safari hii mnene, ukiingia kama mtu mwenye ufunguo.

Nilitoka nje. Alikuwa amechuchumaa. Kando yake lilikuwa gunia langu, limefunguliwa kwa adabu, kamba imekunjwa na kuwekwa juu ya jiwe. Chini ya makaa kilikuwa kinayeyuka kilima nilichokitengeneza kwa siku kadhaa, kikidondosha matone yanayowaka, na juu ya moshi mweusi yalielea masizi marefu kama nyuzi za buibui. Mengine yalitua kwenye unga uliokandwa. Aliyachomoa kwa ncha ya kidole, akaendelea kusukuma. Mandazi yale nilikuwa nimeyala kila Jumamosi.

“Mama,” nikasema, “unawashia nini?”

“Si ni hii yako.” Alinionyesha gunia kama mtu anayeonyesha mazao. “Fundi, hii kitu ni dawa. Kiberiti kimoja tu, fuu! Nilikuwa nakatakata ndala, zinanuka, zinashika polepole. Hii haina kazi. Mungu akuzidishie.”

“Tangu lini?”

“Tangu uanze kututolea. Ukikosa kuleta, narudi kwa ndala. Kuna siku nilidhani umenikasirikia.”

Kutoka mlango wa tatu mwanamke mwingine alitoa kichwa. “Kumbe ni ya fundi? Sisi tulidhani ni ya ploti. Mimi hubeba kidogo tu, ya asubuhi.”

“Kidogo!” alisema mama wa mandazi. “Wewe unabeba na karai.”

“Huo moshi ni sumu,” nikasema.

“Kuna moshi gani ambao si sumu? Moshi ni moshi. Plastiki tulizuiwa, mafuta ya taa bei imepanda. Tuwashe na mate?”

“Unaingia kwa dirisha langu. Ndio unamshika mke wangu kifua.”

Hapo aliacha kusukuma. Alitazama dirisha, akatazama jiko, akaweka kitambaa kibichi juu ya unga. Nilidhani ataomba msamaha, lakini alinigeukia kwa uchungu wa mtu aliyedanganywa.

“Na mbona hukusema? Unaweka gunia limefungwa na kamba, safi, halina ganda la ndizi hata moja. Takataka gani inafungwa hivyo? Mtu akiona anajua amewekewa.”

Mke wangu alikuwa amefika mlangoni, leso mdomoni. Alisikia yote. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akanyoosha mkono kunizuia nisimkaribie mpaka kilipopita.

“Kwa hivyo umekuwa ukinimaliza,” alisema, “kwa mkono wa jirani.”

Nimefikiria sana jioni ile. Video zote nilizotazama zilitengenezwa na watu ambao takataka yao huchukuliwa. Walieleza namna ya kukata, kubandika, kupaka, kufungua dirisha. Hakuna aliyeeleza kwamba dirisha linaweza kuwa ndiyo njia ya moshi kuingia, kwa sababu kwao kipande kikishaanguka chini kazi yake imekwisha. Katika mtaa wetu hakuna kinachokwisha kabla hakijapita jikoni. Zamani ilikuwa mifuko ya plastiki. Ilipopigwa marufuku zikaja soli za viatu, ndala, magodoro, vibakuli vya chipsi. Watu wanapika chai ya watoto juu ya ndala. Wanajua inanuka; wanageuza uso, basi. Nikikumbuka masizi yale juu ya unga mweupe bado sijui kama ninakasirishwa na moshi au na jinsi tulivyouzoea.

Povu la dari lilikuwa salama mikononi mwangu tu. Kilichokuwa kinatakiwa ni povu lisilotoka nyumbani. Niliyarudisha magunia yaliyobaki ndani jioni hiyo hiyo. Tangu hapo vilima vyangu vina uwazi ndani: natengeneza ganda kwa vipande vikubwa, na ndani naweka kila kibaki, kila ukanda, kila punje niliyoifuta sakafuni, nikichanganya na gundi nyeupe mpaka ishikamane, kisha naziba chini kwa kadibodi. Kabla kilima kimoja hakijashiba siruhusiwi kuanza kingine. Sharti hilo si langu.

Suala la jiko mke wangu hakuniachia. Alikwenda mwenyewe kwa mama wa mandazi, wakakaa uani, nami nikasikiliza nikiwa ndani. Alimwambia kwamba nyumbani kwao Ruiri magunzi ya mahindi yanatupwa kwa marundo baada ya kupukuchua, na mama yake anaweza kutuma gunia kila mara mtu anapokuja mjini.

“Magunzi?” alisema mama wa mandazi. “Mimi nimezaliwa Majengo hapa, unataka niwashe kama watu wa shamba?”

“Mandazi yako yatanukia.”

“Yanukie mahindi? Watasema nimechanganya unga.”

“Afadhali mahindi kuliko kilima cha mzee wangu.”

“Na yakiisha?”

“Yakiisha ugonge mlango. Lakini ndala, mama, hapana. Nitazisikia hata nikilala.”

Akakubali, akinung’unika kwamba magunzi yanataka kupulizwa na yeye mapafu yake si ya kijana. Mwanamke wa mlango wa tatu naye akaja na karai lake.

Kifua cha mke wangu hakikupona. Pumu haiponi kwa magunzi. Asubuhi za ukungu bado humbana. Lakini jioni zilirudi kuwa jioni. Hakutangaza kitu, wala hakusema tena juu ya mnunuzi wa meza. Alinunua tu bilauri ya tatu, kwa ajili ya mgeni wa Kibugu, akaiweka kabatini.

Rafiki yangu alikuja bila betri. Alinyanyua kilima kipya, akakipima mkononi, akakigonga kwa kucha.

“Hiki kimekula nini?”

“Ndugu zake,” alisema mke wangu. “Kaeni mcheze kabla sijataka meza yangu.”

Tulipanga majeshi. Mke wangu alikaa upande wa pili na maharagwe yake. Uani mama wa mandazi alikuwa akipuliza na kulalamika, na harufu iliyoingia ilikuwa ya mahindi yaliyoungua, kali lakini ya kawaida. Mchezo ulikuwa umefika katikati, rafiki yangu akihesabu kama askari wake anaweza kuona ng’ambo ya kilima, nilipoinua kichwa. Harufu nyingine ilikuwa imeingia chini ya ile ya mahindi. Ndala. Ilitoka nyuma ya ukuta, ploti ya pili, mahali ambapo simjui mtu na hakuna gunzi litakalofika. Rafiki yangu naye aliinusa. Aliishusha rula, akamtazama mke wangu, kisha mlango, kama mtu anayetafuta kitu cha kubeba akiondoka.

Mke wangu alikuwa amekwisha kuvuta leso juu ya pua. Alivuta pumzi mara moja, polepole, akisikiliza kifua chake namna mtu anavyosikiliza hatua nje. Halafu akarudisha mikono kwenye maharagwe.

“Endeleeni,” alisema kutoka ndani ya leso. “Hiyo si yenu.”